Geti Likizibwa, Aitwe Nani?

Barua ya wazi kwa madiwani wa halmashauri tano za Mkoa wa Dar es Salaam

Waheshimiwa Madiwani wa Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni,

YAH: MAGARI YANAYOEGESHWA MBELE YA MAGETI YA NYUMBA ZA KUISHI

Najua meza zenu zimejaa: mitaro iliyoziba, madarasa yasiyotosha, masoko, takataka. Najua pia kwamba diwani akisimama barazani kuzungumzia gari lililoegeshwa mbele ya geti la mtu, wenzake watatabasamu, na pengine mmoja atanong'ona kwamba hiyo ni shida ya wenye magari na nyumba za ukuta, mwananchi wa kawaida haimhusu. Ndiyo maana nimeona niandike hadharani. Jambo hili limewekwa kwa muda mrefu kwenye fungu la kero ndogo, zile ambazo kila mkazi anaachiwa amalizane nazo mwenyewe na jirani yake. Kwa kuachwa huko limezaa desturi ambazo leo zinatugharimu zaidi ya muda wa mtu aliyechelewa kazini.

Hoja yangu ni moja. Geti la nyumba ya kuishi katika mkoa huu halina mwenyewe serikalini. Barabara ina mwenyewe, mtaro una mwenyewe, leseni ya baa iliyo jirani ina ofisi iliyoitoa, na gari lenyewe lina namba inayosomeka kwenye mifumo ya serikali. Lakini ile nafasi ndogo kati ya geti na barabara, ambayo nyumba nzima inaitegemea kuingiza na kutoa kila kitu, haina ofisi inayoweza kuulizwa nani kaiziba na itafunguliwa saa ngapi. Mkiipatia mwenyewe, sehemu kubwa ya tatizo itaisha kabla hamjajenga eneo jipya la maegesho hata moja.

1. Geti si la gari peke yake

Nianze na lile tabasamu. Wanaoliona suala hili kuwa la wenye magari wanadhani geti kazi yake ni kutoa gari asubuhi na kulirudisha jioni. Tazameni vinavyopita getini kwa mwezi mmoja. Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Nyumba zinategemea makaro na mashimo ya choo, na karo likijaa huja gari la kunyonya, ambalo mpira wake una mwisho wa urefu. Likikuta geti limezibwa, linaondoka, na gharama ya safari hailipwi na aliyeziba. Kwenye mitaa ambako maji ya bomba hutoka kwa mgawo, boza ndilo linalojaza simtanki. Anayejenga vyumba vya uani anahitaji mchanga na kokoto vishushwe ndani, la sivyo vitamwagwa barabarani na kuwa kero ya mtaa mzima. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku anatoka kwa geti hilohilo, na jeneza linaingia kwa geti hilohilo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114, lakini gari la zimamoto lililofika mtaani na kukuta magari mawili yamebanana mbele ya geti limefika nusu ya safari tu.

Tena geti moja halimaanishi tajiri mmoja. Ndani ya ukuta mmoja wa Sinza, Mwananyamala au Tandika mnaweza kukuta familia nne au tano za wapangaji, na pengine hakuna hata mmoja wao anayemiliki gari. Karo ni la wote na maji ni ya wote. Kodi ya majengo nayo, tangu ianze kukatwa kupitia LUKU mwaka 2021, inamgusa kila anayenunua umeme, awe mwenye nyumba au mpangaji asiye na hata baiskeli. (Iwapo ni haki mpangaji kukatwa kodi ya jengo lisilo lake, hiyo ni barua nyingine.) Anayelipa ana haki ya kudai kwamba nyumba anayoilipia iingilike.

2. Sheria ipo, wa kumwita hayupo

Hatuna upungufu wa sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamkataza dereva kuacha gari mahali linapozuia njia au kuhatarisha watumiaji wengine wa barabara, na makosa ya barabarani yana faini ya papo hapo inayofahamika kwa kila dereva. Halmashauri zenu nazo zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inayohusu mamlaka za miji. Kwenye karatasi tumekamilika.

Sasa chukueni mkazi yeyote ambaye geti lake limezibwa saa moja asubuhi, mfuateni hatua kwa hatua. Ataanza kwa kuuliza mlinzi wa jengo la pili, ambaye hajui. Atapiga honi, kama ana gari, na kuamsha mtaa. Ataenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye ana muhuri na heshima lakini hana mamlaka ya kugusa gari la mtu wala hana njia ya kujua ni la nani. Askari wa usalama barabarani wako kwenye makutano ya barabara kuu, na huko ndiko wanakohitajika. Polisi kata atamwambia, kwa haki kabisa, kwamba ana kesi za wizi na ukatili mezani. Mkusanyaji wa ushuru wa maegesho anashughulika na mitaa yenye nafasi zilizochorwa na zinazolipiwa. Geti halimo kwenye orodha yake kwa sababu mbele ya geti hapauzwi. Kila mmoja kati ya hawa akiulizwa atatoa sababu ya kweli. Mkijumlisha sababu zao zote, geti bado limezibwa.

Palipo na sheria isiyo na wa kuisimamia, watu hutunga ya kwao. Mmeisoma kwenye kuta za jiji zima, kwa rangi nyekundu na herufi zinazoinama: usipaki getini, ukipaki tairi zitatolewa upepo. Adhabu hiyo ni ya ajabu kuliko zote, maana gari lililotolewa upepo haliondoki. Linakaa palepale mpaka fundi aje na pampu, na wawili waliokuwa wanadaiana njia sasa wanadaiana na gharama. Wengine hupanga mawe makubwa, madebe yaliyojazwa zege, vyuma vilivyochimbiwa, matairi chakavu. Hapo mwenye nyumba aliyekuwa anadai haki yake naye anamega hifadhi ya barabara, na mtembea kwa miguu anasukumwa katikati ya njia pamoja na bodaboda. Mkipita mtaa ambao kila nyumba imeweka mawe yake mtaona matokeo: barabara ya magari mawili imebaki ya gari moja na hakuna aliyekosea zaidi ya mwenzake.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Kwa kuwa hakuna utaratibu, anayesaidiwa ni mwenye kujuana. Aliye na namba ya mkubwa fulani kwenye simu yake atapata askari wa kuja kumtafuta dereva. Asiye nayo ataambiwa awe mvumilivu. Na dereva mwenye gari kubwa lenye vioo vyeusi anajua kwamba hakuna mlinzi atakayethubutu kumgongea kioo. Kero ndogo ikishughulikiwa kwa kujuana, inamfundisha raia kwamba na kubwa zitashughulikiwa hivyohivyo.

3. Namba mbili mnazo tayari

Hapa naomba umakini wenu, kwa sababu ndipo penye kiini cha barua hii. Miaka kumi na mitano iliyopita mngeweza kujitetea kwamba hakuna njia ya kumpata mwenye gari. Leo utetezi huo haupo. Ukiegesha gari kwenye mtaa wenye ushuru, mkusanyaji anaingiza namba ya gari kwenye kishikwambi chake, deni linaandikwa, na unalilipa kwa simu kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Usipolipa, deni linaifuata namba ya gari popote liendapo. Trafiki akikusimamisha Chalinze, faini uliyoandikiwa Mbezi ataiona. Gari limesajiliwa na Mamlaka ya Mapato kwa namba ya mlipakodi, na usajili wa mlipakodi una namba ya simu. Kwa maneno mengine, serikali inaweza kumpata mwenye gari kwa ajili ya shilingi mia chache za ushuru, lakini haiwezi kumpata kwa ajili ya mgonjwa aliyezibiwa geti.

Namba ya pili ni ya nyumba. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliingia kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi. Mitaa ilipewa majina, nguzo za majina zikasimikwa, nyumba zikabandikwa namba. Fedha zilitumika na nguvu ya serikali za mitaa ilitumika, na katika mitaa mingi mpaka leo zile namba zinatumiwa zaidi na waleta vifurushi. Nyumba yenye namba ni nyumba ambayo geti lake linaweza kutajwa kwenye ujumbe mmoja mfupi bila kueleza habari za mwembe, duka la Mangi na kona ya pili kushoto.

Kinachokosekana ni kuziunganisha namba hizo mbili, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kufanya hivyo. Mkazi apige picha inayoonyesha geti, gari na namba yake, aitume pamoja na namba ya nyumba. Afisa wa zamu aithibitishe. Mfumo umtumie mwenye gari ujumbe kwamba gari lake limeziba nyumba namba fulani, mtaa fulani, na kwamba ana dakika 20 kuliondoa. Wengi wataliondoa kwa ujumbe huo peke yake, maana wengi wa wanaoziba mageti si wakorofi. Ni watu walioingia mahali kwa dakika mbili na dakika mbili zikawa saa nzima. Asiyeondoa aandikiwe faini kwa namba ya gari, kama ushuru unavyoandikwa. Gari kuvutwa kuje mwisho.

Angalieni kwamba katika utaratibu huu mkazi haoni jina wala simu ya mwenye gari, na dereva haambiwi nani aliyelalamika. Hilo ni la lazima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, ni hatari kuwapa watu wawili wenye hasira namba za simu za kutukaniana. Kazi ya serikali ni kusimama katikati yao.

4. Magari haya yanatoka wapi

Ni rahisi kumlaumu dereva, na lawama anastahili. Lakini tukiishia kwake tutakuwa tunachota maji yanayomwagika bila kufunga bomba. Magari yanayoziba mageti ya Sinza usiku wa Ijumaa si ya wakazi wa Sinza. Yale ya Mikocheni saa nne asubuhi ni ya wafanyakazi na wateja wa ofisi zilizohamia kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kulala familia. Ya Upanga yanatokana na hospitali, shule na maghorofa yaliyopanda kwenye viwanja vilivyokuwa na nyumba ya familia moja. Ya Kijitonyama Jumamosi jioni ni ya kumbi, kwa kuwa jiji hili halipitishi wikiendi bila sendofu.

Kumbukeni historia ya maeneo hayo. Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni zilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kwa lengo la kuwapa watu wa kipato cha chini na cha kati kiwanja kilichopimwa chenye barabara na maji. Upana wa barabara za ndani na ukubwa wa viwanja ulikadiriwa kwa nyumba ya chini na familia ambayo huenda isingemiliki gari kamwe. Leo mkoa una watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, zaidi ya milioni moja juu ya waliohesabiwa mwaka 2012, na barabara zile za ndani hazijaongezeka upana. Kilichobadilika ni matumizi, na matumizi hayabadiliki yenyewe. Kuna kibali cha kubadili matumizi ya kiwanja, kuna kibali cha ujenzi, kuna leseni ya biashara na kuna leseni ya vileo. Karatasi zote nne zinapita kwenye ofisi za halmashauri zenu. Ukumbi wa watu mia tano usio na nafasi ya kuegesha hata magari ishirini haukuota kama uyoga. Kuna siku mtu aliupigia muhuri.

Ndiyo sababu nawaandikia ninyi badala ya kuwaandikia trafiki. Trafiki anakutana na gari likiwa limeshaziba geti. Ninyi mnakutana nalo miezi kabla halijafika, likiwa bado ni mraba usiochorwa kwenye ramani ya jengo. Viwango vya mipango miji vinataka jengo la biashara au la mkusanyiko liwe na nafasi ya maegesho ndani ya eneo lake. Swali la kumuuliza mwombaji ni moja: wateja wako wataegesha wapi? Akijibu "barabarani", maana yake ni mbele ya nyumba za watu ambao hawakushirikishwa, na leseni isitoke. Kwa biashara ambazo tayari zipo, swali liulizwe siku ya kuhuisha leseni, na malalamiko yaliyothibitishwa ya mageti kuzibwa na wateja wake yawekwe kwenye faili lake. Mwenye baa akijua kwamba faili linahesabu, ataajiri kijana wa kupanga magari mwenyewe, bila kusubiri semina.

5. Najua mtakayosema

Mtasema maegesho hayatoshi, na watu wataegesha wapi. Ni kweli hayatoshi. Lakini upungufu wa maegesho hauwezi kuwa sababu ya kuchukua geti, kwa sababu geti halikuwa sehemu ya maegesho hata yalipokuwa yanatosha. Japani ilikabiliwa na miji iliyobanana kuliko yetu, na tangu mwaka 1962 ina sheria inayomdai mtu athibitishe kwanza ana mahali pa kuliweka gari. Siombi tufike huko. Kwa hali yetu ingezaa biashara ya vyeti vya kughushi. Nataja mfano huo kuonyesha tu kwamba ufinyu uliwafanya wengine wawe wakali zaidi juu ya gari likae wapi, na sisi tunataka utufanye tulegee.

Mtasema wenye nyumba nao ni wakosaji: wamejenga bustani kwenye hifadhi ya barabara, wameinua kalavati la geti mpaka maji ya mvua yanaelekea kwa jirani, wameweka mawe. Hili nalikubali bila kusitasita, na ndiyo sababu kinga ya geti isitolewe bure. Nyumba itakayotaka geti lake lilindwe iwe na namba inayoonekana, geti moja lililoandikishwa kwa mtaa, na mbele yake pasiwe na jiwe, debe wala chuma. Mwenye kutaka kulindwa na sheria aondoe sheria yake ya mawe. Na mwenye kiwanja aliyetoboa mageti matatu kwenye ukuta mmoja achague lipi ni la kulindwa, maana mengine mawili ni ujanja wa kujitengea barabara.

Mtasema, na hapa wengi wenu mtakuwa mnasema kwa niaba ya wapiga kura, kwamba wananchi wana makovu ya makampuni ya kuvuta magari. Malalamiko hayo yana msingi mzito. Kampuni inayolipwa kwa kila gari itayatafuta magari kama mvuvi. Itavuta lililokaa vibaya kwa inchi mbili na kuliacha lile la mkubwa, gari litapelekwa yadi ya mbali, na gharama zitazidi kila saa. Ukimpa mtu wa namna hiyo ulinzi wa mageti, utakuwa umeongeza tatizo. Lakini jibu si kuacha mageti. Jibu ni kuondoa tamaa kwenye mpango. Mvutaji alipwe na halmashauri kwa mkataba wa zamu, awe amevuta magari kumi au hajavuta hata moja. Asiguse gari bila amri yenye picha na saa. Bei iandikwe ubavuni mwa gari lake kwa herufi za kusomeka, malipo yote yapite kwenye namba ya kumbukumbu ya malipo na fedha taslimu zikataliwe, na gari lihifadhiwe ndani ya manispaa ileile. New York huruhusu mwenye nyumba kuomba gari lililoziba njia yake livutwe, ila baada ya ofisa kuliandikia kosa kwanza. Mpangilio huo wa kosa kwanza na kuvuta baadaye ndio unaotufaa.

Mtasema pia kwamba kadi za magari mengi bado zina majina ya wamiliki wa zamani, kwa hiyo ujumbe utaenda kwa mtu aliyeuza gari lake miaka minne iliyopita. Utaenda, ndiyo. Lakini ushuru wa maegesho nao unaandikwa kwa namba ya gari bila kujali kadi ina jina la nani, na hatujasikia mkiufuta kwa sababu hiyo. Deni litakaa kwenye gari, na mnunuzi atakapotaka kuliuza atalikuta. Huenda hii ikawa njia bora ya kuwafanya watu wabadilishe kadi kuliko matangazo yote ya redioni.

La mwisho ni la misiba na ibada. Hapa inafaa kwenda kwa uangalifu. Turubai la msiba likifunga mtaa, hakuna Mswahili atakayelalamika, na sheria itakayomwandikia faini mtu aliyekuja kuzika itakufa siku ileile. Swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili nazo zina saa zinazojulikana. Kwa hayo inatosha taarifa kwa ofisi ya mtaa, ili kama kuna mgonjwa kwenye nyumba ya jirani njia moja iachwe wazi. Tofauti na msiba, sherehe ya ukumbini hupangwa kwa miezi, ina kamati, ina bajeti ya mapambo na ya mshereheshaji. Inaweza kuwa na bajeti ya vijana wawili wa kupanga magari.

6. Ninachoomba

Kwanza, mtunge sheria ndogo moja, yenye maneno yaleyale katika halmashauri zote tano, kwa sababu dereva anayetoka Temeke kwenda Ubungo hajui amevuka mpaka wapi. Itamke kwamba ni kosa kuegesha mbele ya geti la nyumba lililoandikishwa, na ndani ya mita moja kila upande wake. Japani hukataza mita tatu kutoka njia ya kuingilia gari. Kwa viwanja vyetu vyembamba vya Sinza au Magomeni mita tatu kila upande zingemeza mtaa wote na kuwanyima haki wanaoegesha vizuri. Lakini nakopa jambo moja kutoka Ujerumani: pale barabara ilipo finyu, marufuku iguse na upande wa pili unaotazamana na geti. Wakazi wa mitaa ya ndani wanaelewa mara moja kwa nini. Gari lililobana ukuta wa jirani wa ng'ambo linaweza kukuzuia kukata kona vilevile kama lililo mbele yako.

Pili, mtendaji wa mtaa apewe mamlaka ya kuthibitisha kosa, kifaa cha kuingilia kwenye mfumo, na msaidizi wa zamu ya usiku na wikiendi. Bila zamu ya usiku msijisumbue kuanza, kwa maana mageti mengi huzibwa baada ya ofisi kufungwa. Namba ya kupiga iwe moja kwa mkoa mzima na iandikwe kwenye nguzo zilezile za majina ya mitaa. Dakika 20 za ujumbe, kisha faini. Saa moja baada ya ujumbe, gari livutwe. Mgonjwa, moto na maiti visisubiri dakika yoyote.

Tatu, faini zote zitakazokusanywa zitangazwe kila robo mwaka kwenye mbao za matangazo za mitaa, kwa idadi ya makosa na mahali yalipotokea. Orodha hiyo itawaambia maafisa mipango miji wenu, bila kuajiri mshauri mwelekezi, ni ukumbi gani, baa gani na shule gani imepewa leseni kupita uwezo wa mtaa wake.

Nne, leseni za biashara na za vileo zihuishwe kwa kuangalia orodha hiyo.

Natambua kwamba sheria ndogo ina safari yake: rasimu, tangazo kwa wananchi, kura ya baraza, idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, Gazeti la Serikali. Kwa hiyo sitarajii faini ya kwanza mwezi ujao. Lakini rasimu haihitaji idhini ya mtu, na namba ya simu haihitaji Gazeti la Serikali. Naomba rasimu iwekwe mezani katika kikao cha baraza cha robo mwaka ijayo, na kabla ya hapo mchague kata tatu zenye sura tofauti, kwa mfano Sinza, Upanga Magharibi na Tandika, mjaribu ujumbe wa dakika 20 bila faini wala kuvuta gari. Baada ya miezi mitatu mtajua ni magari mangapi huondoka kwa kuombwa tu, na mangapi yanahitaji zaidi ya ombi. Takwimu hizo mzilete hadharani, ziwe nzuri au mbaya, tuzijadili.

Wenu katika kulijenga jiji,

Mkazi na mlipakodi, Dar es Salaam

Nakala: Watendaji wa kata na wenyeviti wa serikali za mitaa, Mkoa wa Dar es Salaam.